Zamu Isiyokabidhiwa: Kisa cha Muuguzi Aliyerudi Likizo Akiwa Amechoka Zaidi

Mwanamke ninayemwandika hapa alikuwa na umri wa miaka 43 nilipomwona kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya ushauri. Alikuwa muuguzi kiongozi wa wodi, mke, mama wa watoto watatu, na kwa muda wa miezi 14 alikuwa pia mlezi wa mama yake mzazi, ambaye kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto. Jina lake silitaji, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha; yaliyobaki ameyasoma mwenyewe na kuridhia yaandikwe. Kilichomleta kwangu hakikuwa ugonjwa, wala ugomvi, wala msiba. Alikuwa amechukua likizo ya siku 10, ya kwanza baada ya miaka miwili, akarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na hilo lilimtisha kuliko uchovu wenyewe, kwa kuwa likizo ndiyo dawa ya mwisho aliyokuwa amejiwekea akiba.

Alifika dakika 10 kabla ya miadi. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba ukiwa bado begani na simu mkononi, kioo chake kikitazama juu, na katika saa nzima ya mazungumzo aliitupia jicho kila baada ya dakika chache, si kwa wasiwasi wa wazi, bali kama dereva anavyotupia jicho kioo cha pembeni. Nilimwuliza alizitumiaje zile siku 10. Alizitaja moja baada ya nyingine bila kusita: siku mbili za kumpeleka mama kwenye mazoezi ya viungo, siku moja ya kufuatilia karatasi za shule ya mtoto wa kwanza, siku mbili za usafi uliokuwa umeahirishwa tangu mama ahamie kwake. Siku ya sita, nyumba ikiwa kimya, alijilaza mchana kwa makusudi ya kupumzika. Usingizi haukuja. Alikaa saa mbili akiangalia dari na kusikiliza. Nilipouliza alikuwa akisikiliza nini, alifikiri kidogo kisha akasema: “Chochote. Nilikuwa nimelala, lakini ndani nilikuwa nimesimama.”

Niliiandika kauli hiyo pembeni mwa daftari langu, nikaipita. Ningeishikilia, ningeokoa wiki tano.

Siku yake ya kawaida ilianza saa 10 na nusu alfajiri. Alimwogesha mama, akawatayarisha watoto, akawa wodini kabla ya saa 1 asubuhi, akatoka saa 9 na nusu alasiri ikiwa zamu inayofuata imetimia, kisha akarudi nyumbani kwenye masomo ya watoto, mazoezi ya mkono na mguu wa mama, na simu za ndugu waliotaka habari za mgonjwa. Saa 3 na nusu usiku alipima dawa za mama. Saa 5 na nusu alipanda kitandani, na kati ya hapo na alfajiri aliamka mara moja au mbili kumpeleka mama msalani. Katika maelezo yote hayo, yaliyotolewa kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti, kulikuwa na jambo moja alilolitaja haraka huku akiangalia pembeni, nami nikamwomba alirudie. Kila alipotoka kazini aliingia bafuni, akafungulia maji, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa dakika 15 bila kuoga. Watoto wakibisha hodi akiwa chumbani, huingia. Mumewe akimkuta sebuleni, humwuliza jambo. Lakini sauti ya maji yanayomwagika iliheshimiwa na kila mtu. Alijilaumu kwa maji aliyoyapoteza. Hakujilaumu kwa kuhitaji kujificha ndani ya nyumba yake, maana hakuwa amewahi kuliona hilo kuwa ni kujificha.

Ushauri sahihi usiofaa

Kabla ya yote nilimwomba apimwe damu, kwa kuwa uchovu wa muda mrefu unaweza kuwa ni upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo, na ni uzembe kumzungumzia mtu mtindo wa maisha wakati chanzo ni ugonjwa unaotibika. Nilimwuliza pia maswali yanayohusu sonona. Vipimo vilikuwa vizuri, na majibu yake hayakuelekea huko: alipenda bado aliyoyapenda, ila hakuwa na nafasi nayo.

Kilichobaki kilionekana chepesi machoni pangu. Mwanamke huyu halali vya kutosha, nikajiambia, na sikukosea. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Yeye alilala 5 zilizokatwakatwa. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu wazima wenye afya waliruhusiwa kulala saa 4, 6 au 8 kwa usiku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 au chini yake walifikia mwishowe upungufu wa umakini unaolingana na wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili bila kufumba macho, na jambo la kuogofya zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakujiona kuwa wamezorota kiasi hicho. Mchovu wa muda mrefu ni shahidi mbaya wa uchovu wake mwenyewe. Nilimsomea pia matokeo ya Drew Dawson na Kathryn Reid ya mwaka 1997, kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hushuka katika uratibu wa jicho na mkono hadi kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Alihesabu kwa vidole kuanzia saa 10 na nusu alfajiri, akafika saa 3 na nusu usiku, akanyamaza. Hiyo ndiyo saa aliyopima dawa za mama yake.

Basi nikampa yale yanayotolewa kila mahali: kupumua taratibu dakika 5 kabla ya kulala, kutembea dakika 20 mchana, kuweka simu mbali saa moja kabla ya kulala, na kuandika kila usiku mambo matatu yaliyomfurahisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la uongo, na kwa watu wengine nimeyaona yakifaa. Alirudi baada ya wiki mbili na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, yenye safu ya kila zoezi na mstari wa kila siku. Kulikuwa na alama za wino wa bluu kwa siku alizotimiza na za wino mwekundu kwa siku alizokosa. Aliniwekea mezani jinsi mwanafunzi anavyoweka daftari mbele ya mwalimu, akasema, “Nisamehe, mshauri. Kupumzika nako nimefeli.”

Nimeihifadhi karatasi hiyo. Kazi zake zilikuwa wodi, watoto, mama na nyumba. Mimi nilimwongezea ya tano, nayo ina mkaguzi. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimelitazama pumziko kama kitu ambacho mtu hukifanya, ilhali kwake tatizo lilikuwa ni kitu ambacho hakuna aliyemruhusu kukiacha, naye mwenyewe akiwa wa kwanza kumnyima ruhusa. Angelala saa 7, angezilala akiwa amesimama.

Saa ya kukabidhi

Mambo yaligeuka katika kikao cha tatu, na yaligeuka kwa bahati. Nilikuwa nimeishiwa maswali. Kwa kutaka kujua tu, nilimwuliza muuguzi anatokaje wodini mwisho wa zamu. Kwa mara ya kwanza aliegemea kiti. Alinieleza kwamba anayetoka na anayeingia hupita pamoja kitanda kwa kitanda. Kila mgonjwa hutajwa, hali yake, alichofanyiwa, kilichobaki, na cha kuangaliwa kwa makini usiku ule. Kabati la dawa zinazodhibitiwa hufunguliwa, dawa huhesabiwa na wote wawili, hesabu huandikwa, wote husaini, na funguo hutoka mfuko mmoja na kuingia mwingine. Hapo ndipo anayetoka huwa ametoka.

“Tuseme mgonjwa wa kitanda namba 6 akazidiwa nusu saa baadaye,” nikasema. “Wa kuitwa ni nani?”

“Aliyepokea.”

“Na wewe?”

“Mimi niko njiani.”

“Na nyumbani, dada, unakabidhi saa ngapi?”

Akacheka. Kisha akaanza kuitafuta simu yake mkobani, ingawa ilikuwa mkononi.

Kuanzia hapo nilielewa kwa nini likizo haikumsaidia. Waholanzi Theo Meijman na Gijsbertus Mulder walieleza mwaka 1998 kwamba mwili na akili hurudi katika hali yake pale mzigo unapoondolewa, si pale mtu anapobadilisha mahali akiwa bado ameubeba. Sabine Sonnentag, ambaye kwa miaka mingi amechunguza namna wafanyakazi wanavyorejesha nguvu baada ya kazi, anaweka mbele kile anachokieleza kuwa ni akili kujitenga na kazi: mtu kutokuwa kazini hata katika mawazo. Muuguzi huyu alikuwa hodari wa kujitenga na wodi. Aliyekabidhiwa yupo, jina lake limeandikwa, saini yake ipo. Lakini zamu ya nyumbani haikuwa na mpokeaji, wala saa ya mwisho, wala kitabu. Likizo ya kazini ilimwondolea ile kazi pekee iliyokuwa na mlango wa kutokea na kumwacha siku 10 kamili katika ile isiyo na mlango.

Hapa inafaa kusema neno juu ya mambo yanayozungukazunguka kichwani usiku. Bluma Zeigarnik alieleza mwaka 1927 kwamba kazi zilizokatizwa hubaki katika kumbukumbu kuliko zilizokamilika. Waliolirudia jaribio lake hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo silijengei nyumba. Kilichonifaa zaidi ni kazi ya E. J. Masicampo na Roy Baumeister ya mwaka 2011, walioonyesha kwamba lengo ambalo halijatimizwa huingilia mawazo ya mtu anapofanya jambo jingine, lakini uingiliaji huo hukoma pale anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla ya kulitimiza. Kwa maneno mengine, akili haidai kazi iishe ndipo itulie. Inadai ijue kazi iko mikononi mwa nani na itafanywa lini. Wauguzi walilijua hilo zamani, ndiyo maana wana kitabu cha ripoti.

Kusaidia na kupokea

Mume wake alikuja kikao cha nne, mtu mpole, mwenye aibu kidogo ya kuitwa, aliyesema kwa moyo mweupe kwamba husaidia sana. Ni kweli. Mke alithibitisha. Sentensi ambayo mume aliitumia kila jioni, na ambayo alikuwa akijivunia, ilikuwa: “Mama, wewe niambie tu nifanye nini.”

Nimeitafakari sentensi hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu nimeisikia katika nyumba nyingi na kutoka kwa watu wema. Anayeambiwa afanye nini huinua mikono yake, lakini kujua kinachotakiwa, kukumbuka wakati wake, kugundua kilichopungua na kuhakikisha kimefanyika hubaki kwa yule anayeambia. Msaidizi akimaliza aliloambiwa huketi, na akiketi anapumzika kweli, kwa kuwa hana zaidi ya aliloambiwa. Aliyemwambia hawezi kuketi hivyo. Lugha yetu inalitofautisha jambo hili vizuri kuliko tunavyolitofautisha sisi: kusaidia ni kumpunguzia mtu kazi ambayo inabaki kuwa yake, na kupokea ni kuichukua ikawa yako. Mume alikuwa amesaidia kwa miezi 14 bila kupokea hata usiku mmoja, na sioni kwamba alikwepa. Hakuna aliyewahi kumkabidhi.

Ili kukabidhi, ilibidi kwanza ijulikane kinachokabidhiwa. Nilimwomba mke aandike kwa wiki moja kila jambo linaloendesha nyumba ile ambalo ni yeye tu anayelijua. Nilitarajia ukurasa mmoja. Alileta kurasa nne zilizojaa pande zote. Kulikuwa na kadi ya kliniki ya mama na mahali inapowekwa, kidonge kinachokatwa nusu na kisichokatwa, mguu unaotangulia anaposhuka kitandani, jina la mwalimu wa mtoto wa pili, na siku ambayo mtoto wa mwisho hudanganya kwamba hana kazi ya shuleni. Mstari mmoja alikuwa ameuzungushia duara: “Mama huficha kidonge shavuni, hukitema ukigeuka.” Mumewe alisoma mstari ule mara mbili. Alikuwa amempa mama mkwe wake dawa mara kadhaa, akiwa na uhakika kwamba zimemezwa.

Kwa hiyo ninawaonea huruma wale wanaosema mtu kama huyu “ang’ang’anie kidogo muda wake” au “ajifunze kusema hapana”. Angesema hapana kwa nani? Elimu yote ya uangalizi wa mgonjwa ilikuwa kichwani mwake, na kwa miezi 14 hakuna aliyemwomba aitoe.

Makubaliano

Alikuwepo pia mdogo wake wa kiume, anayeishi umbali wa nusu saa, na dada yao mkubwa aliye mbali, ambaye hutuma fedha na maoni kwa wingi unaolingana. Kwa mdogo mtu ilionekana kuna nafasi. Ilikubaliwa kwamba kila Jumamosi saa 9 alasiri angekuja kupokea, na kukaa hadi Jumapili saa 12 jioni. Ni saa 27. Jumanne na Alhamisi usiku mume angepokea kuanzia saa 2, pamoja na kuamka usiku. Kila makabidhiano yangefanyika kando ya kitanda cha mama, kwa sauti, daftari likiwa wazi, na mama mwenyewe akisikiliza na kusahihisha. Sharti hilo la mwisho lilikuwa langu, kwa kuwa mgonjwa si mzigo wa kupokezana kama gunia. Mama alipoelezwa mpango mzima alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia binti yake, kwa ule ulimi ambao kiharusi kimeufanya mzito, “Afadhali. Mimi nami nimekuchoka kidogo.” Binti aliniambia kwamba alicheka, na kwamba ilimchukua siku mbili kuacha kuumia.

Kanuni zilikuwa mbili tu. Aliyepokea haulizi, isipokuwa kuna hatari. Aliyekabidhi hakagui. Ya kwanza iliwachukua wanaume wale majuma mawili kuizoea. Ya pili ilitaka kumshinda.

Jumamosi ya kwanza alimpigia mdogo wake simu mara 11. Ya pili hakupiga, lakini alizunguka chumbani, akafungua kabati, akalifunga, akaketi, akainuka, na alipata hisia ambayo aliielezea kuwa ni ya mtu aliyetoka nyumbani akasahau kitu na hakumbuki ni nini. Hiyo haikuwa hatia peke yake. Katika kikao cha sita nilimwambia, labda mapema kuliko ilivyofaa, kwamba huenda kuna kitu alichokuwa akikipata kwa kuwa mtu pekee anayejua: nyumba nzima ilimzunguka, ndugu wote walimpigia yeye, na neno lake juu ya mama halikupingwa. Alikasirika. Aliniuliza kama nadhani alipenda kuamka saa 10 na nusu alfajiri. Nilijibu kwamba mtu anaweza kuuchukia mzigo na bado akaogopa atakuwa nani utakapotuliwa. Hakuaga vizuri siku ile. Wiki iliyofuata alirudi na kusema, bila utangulizi, “Nilimwona mdogo wangu anamlisha mama, mama anacheka. Nikaona wivu.” Hatukulizungumza zaidi ya hapo, wala sikuona haja.

Mwezi wa nne lilitokea kosa. Mdogo wake alikosa kumpa mama dozi ya Jumamosi usiku ya dawa ya shinikizo la damu, aliikumbuka asubuhi. Mama hakudhurika, lakini mteja wangu alifuta makubaliano yote palepale, akarudisha kila kitu mikononi mwake, na kwa wiki mbili akawa kama alivyokuwa, pamoja na bafu na maji. Alikuja kwangu akiwa na uhakika, karibu na furaha ya mtu aliyethibitishiwa alichokisema siku zote. Nilimwuliza wodini dozi ikikosekana wanafanya nini. Alijibu kwa mazoea: humwarifu daktari, huandika, hutafuta sababu, hurekebisha namna ya kukabidhi.

“Hakuna anayesema muuguzi wa zamu ya asubuhi asiende nyumbani tena?”

Alinitazama kwa muda. “Kwenye daftari niliandika ‘usiku’,” akasema hatimaye. “Sikuandika saa. Kwake yeye usiku ni saa anayolala.” Alitoa kalamu, akaandika saa 3 kamili. Ile saa 3 na nusu ya zamani aliiondoa, na Jumamosi iliyofuata mdogo wake akapokea.

Yale yasiyotatuliwa na daftari

Upande wa kazi nitaupitia haraka, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa haukuwa mikononi mwetu. Wodi yake ilikuwa na upungufu wa wauguzi, na hakuna pumzi ya taratibu inayojaza nafasi tatu zilizo wazi. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linaeleza hali ya mfanyakazi kuchakaa kwa kazi kuwa ni jambo linalotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala haliiorodheshi kama ugonjwa wa mtu. Naona tofauti hiyo ina uzito: ikiwa chanzo kiko kazini, ni makosa tiba yote ielekezwe kwa mfanyakazi. Alichoweza kukifanya alikifanya. Alimpa naibu wake mamlaka kamili ya kupanga zamu za dharura, na akaacha kujibu ujumbe wa wodi baada ya kusaini kitabu.

Katika ajira, wazo kwamba pumziko lina saa zake ni la zamani. Mkataba namba 14 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, uliwapa wafanyakazi wa viwandani saa 24 za mapumziko mfululizo katika kila siku 7, na kifungu cha 24 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinataja pumziko kuwa haki ya kila mtu. Waliopigania hayo walijua kwamba pumziko linaloachwa lichukue muda utakaosalia halipati kitu, kwa kuwa muda hausalii. Ajabu ni kwamba mama, mke au binti anayelea mgonjwa nyumbani hana mkataba, wala mkaguzi wa kuuliza saa zake 24 ziko wapi. Saa 27 za mteja wangu zilizidi kidogo zile za mwaka 1921. Nilimwambia hivyo, naye akasema basi ana karne akidai.

Sipendi kisa hiki kichukuliwe kuwa kipimo cha kila mtu. Alikuwa na mume aliyekuwa tayari kusoma kurasa nne, na mdogo aliyekuwa umbali wa nusu saa. Mjane anayemlea mgonjwa peke yake, au mtu ambaye ndugu zake wamegeuza nyuso, ukimwambia akabidhi utakuwa unamkejeli. Kwake swali linalotangulia ni la kumpata mpokeaji, hata wa saa mbili kwa wiki, awe jirani, mtu wa ibada moja naye, au mlezi wa kulipwa, na swali hilo si lake yeye peke yake kulijibu. Hata ndani ya kisa hiki kuna ambayo hayakutengemaa. Dada mkubwa bado hutuma maoni. Alhamisi zingali ngumu, kwa sababu mume hulala fofofo na mama hulazimika kugonga ubao wa kitanda kwa kikombe hadi aamke. Mke husikia mlio wa kwanza, na hukaa akihesabu, mkono ukiwa umeshika shuka, hadi miguu ya mumewe iguse sakafu. Kwa maelezo yake, hesabu ya juu kabisa aliyowahi kufika ni 40.

Mazoezi ya kupumua niliyompa mwanzoni aliyarudia mwenyewe mwezi wa tano, bila karatasi ya mistari, naye anasema sasa yanamfaa. Kuhusu bafu, nilimwuliza mara moja tu, na jibu lake lilikuwa kwamba siku hizi anaoga.

Kikao chetu cha mwisho kilipangwa Jumapili, saa 10 alasiri, ndani ya zile saa 27. Nilikuwa nimezoea kumkuta nje ya mlango dakika 10 kabla. Saa 10 ilifika, ikapita robo, ikapita nusu. Simu yake iliita bila kupokewa, nami kwa mara ya kwanza nikajikuta natembea chumbani. Saa 10 na dakika 40 aliingia, kitambaa kikiwa kimekaa upande, alama ya mkunjo wa mto ikiwa bado imechoreka shavuni. Alikuwa amelala tangu saa 7 mchana, simu ikiwa chumba kingine, na hakuna aliyemwamsha. Alianza kuniomba radhi. Nilimwambia aketi, naye akaketi hadi nyuma ya kiti.